Minada imefungwa, mbona uchovu haujaondoka?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho, huku Tandahimba mkoani Mtwara, na huu ulikuwa msimu wangu wa sita. Zamani niliipenda kazi hii. Siku hizi nikisikia pikipiki imesimama nje ya ofisi tumbo linanikaza, maana najua ni mkulima amekuja kuulizia pesa. Msimu huu ilitokea tofauti ya kilo kati ya mizani yetu na ya ghala kuu. Wakubwa walisema ni unyaufu, yaani korosho kupoteza maji, lakini kijijini wanasema katibu kala. Nimeitwa mwizi watoto wangu wakisikia. Malipo yakichelewa simu inalia hadi saa nne usiku. Saa tisa naamka, napiga hesabu za stakabadhi kichwani mpaka alfajiri. Nasahau sana, nakosea hesabu ndogondogo. Mwezi wa kumi na mbili nilimfokea mzee wa rika la baba yangu mpaka machozi yakamlenga, na wala sikuona vibaya. Hilo ndilo linalonitisha. Malaria nimepima, hamna. Nilitundikiwa dripu ya vitamini, ikanisaidia siku mbili. Nameza diklofenaki karibu kila siku kwa ajili ya kichwa na mgongo, Piriton nipate usingizi, na asubuhi nakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Minada ilipofungwa nilikwenda kwa shangazi Mtwara mjini, nikapumzika wiki nzima. Niliporudi, siku ya pili tu nikawa vilevile. Hata siku ya kumtoa mwali binti wa dada yangu nilikaa tu, sikusikia chochote moyoni. Mume wangu anasema nimedeka. Mama anasema nimechezewa na wanaoitaka nafasi yangu. Kuna siku natamani nilale tu nisiamke. Je, huu ni ugonjwa, ni uvivu au ni mkono wa mtu? Niache kazi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijagusa jambo lingine, narudi kwenye sentensi uliyoipitia haraka: kuna siku unatamani ulale usiamke. Watu husema hivyo kwa maana mbili. Wapo wanaotamani usingizi mrefu tu, siku nzima bila simu wala mizani. Wapo wanaomaanisha kufa. Wewe ndiye unayejua ulimaanisha lipi, kwa hiyo nakuuliza waziwazi, kama ambavyo ningekuuliza ungekuwa umekaa mbele yangu: umewahi kuwaza kujiua, au kufikiria namna ya kufanya hivyo? Kama jibu ni ndiyo, hata kidogo, usisubiri kumaliza kusoma. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, mwende pamoja hospitali ya wilaya leo hiihii, na viuatilifu vya mikorosho vilivyomo nyumbani vifungiwe, ufunguo akae nao mtu mwingine. Wengi huogopa kuuliza swali hili wakidhani linampandikizia mtu wazo. Halimpandikizii. Mara nyingi linampa nafasi ya kulitua alilokuwa akilibeba peke yake.

Kama jibu ni hapana, tuendelee na maswali yako.

Uvivu siuoni kwenye maelezo yako. Mvivu hapigi hesabu za stakabadhi saa tisa za usiku. Mvivu huikwepa kazi, kisha hulala usingizi wake vizuri. Wewe kazi inakufuata mpaka kitandani. Kila aliyewahi kushika kazi ya korosho anaujua uchovu wa msimu. Kuanzia minada ya mwezi wa kumi mpaka magunia ya mwisho, karani, mbebaji, dereva na mlinzi wa ghala wote huchoka. Lakini uchovu ule ukilala siku kadhaa na kula vizuri huondoka. Wako haujaondoka. Ofisi imetulia, minada imefungwa, na bado pikipiki ikisimama tumbo linakaza. Siwezi kukupima kwa maandishi, ila ulichoeleza kinafanana sana na uchovu sugu wa kazi, na kuna sehemu moja inayonifanya nihofie kwamba umeanza kuvuka mpaka na kuingia kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hiyo nitaifikia.

Hali hii haijagunduliwa juzi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika kuhusu watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa kwenye kliniki ya bure. Walianza kwa moyo mkubwa kuliko wote, na baadaye wakawa wamekauka, wana hasira, hawataki hata kuwaona wagonjwa. Baada yake Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California aliitafiti kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba ina sura tatu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizitumia sura hizohizo lilipoieleza hali hii katika orodha yake ya magonjwa. Wao hawaiiti ugonjwa. Wanasema ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Kwa hiyo kwenye swali lako la ugonjwa, jibu langu ni kwamba uchovu huu peke yake hauhesabiwi kuwa ugonjwa, lakini unaweza kukufikisha kwenye ugonjwa, na ugonjwa mwingine unaweza kujificha nyuma yake.

Sura ya kwanza ni kuishiwa nguvu, mwili na akili pamoja. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi na watu wake: unakuwa mkavu, wanakuudhi, unawaona mizigo. Ya tatu ni kuhisi kwamba hufanyi lolote la maana, hata pale unapofanya. Zote tatu zimo kwenye maelezo yako.

Hebu nikueleze kinachoendelea mwilini, maana ukikielewa utaacha kujilaumu kwa mambo mengine ambayo si tabia yako. Mwili una mfumo wa kukabili hatari. Ukikutana na nyoka njiani ubongo unatuma amri, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi yake. Nyoka akipita, mfumo unashuka. Umeumbwa kwa hatari zinazokuja na kuondoka. Sasa wewe hatari yako ni mlio wa simu, nao unalia tangu asubuhi mpaka saa nne usiku kwa miezi minne. Mfumo haupati nafasi ya kushuka. Ndipo ubongo unapojifunza kuwasha king'ora mapema zaidi, kwa dalili ndogo zaidi, na mlio wa pikipiki unatosha. Usiku, muda ambao mwili ulipaswa kutulia kabisa, usingizi unakuwa mwepesi, unakatika alfajiri, na akili inarukia lile lililoachwa bila kumalizika mchana. Na usingizi ukikatika hivyo wiki baada ya wiki, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshika hesabu, kumbukumbu na kujizuia ulimi, ndiyo inayolegea. Ndiyo maana unakosea kujumlisha kitu ambacho msimu wako wa kwanza ungekijumlisha bila kalamu.

Nataka nikae kidogo na yule mzee uliyemfokea. Umesema kinachokutisha ni kwamba hukuona vibaya. Huo ni ule ukavu niliousema. Mtu anayebeba machungu ya watu wengi kwa muda mrefu, bila kuwa na cha kuwapa, moyo wake hujifunga ili usiumie zaidi. Wauguzi wanaulalamikia, walimu wa madarasa yaliyofurika wanaulalamikia, na makatibu wa vyama vya msingi nao wana haki ya kuulalamikia. Haimaanishi umekuwa mtu mbaya, na ushahidi ni kwamba miezi imepita na bado unalitaja. Ukipata nguvu nenda kamwamkie yule mzee, umwombe radhi. Huku kwetu mzee akiamkiwa vizuri na akasikia neno "nisamehe", mara nyingi huwa amekwisha kusamehe. Utapunguza kilo moja kati ya zile zinazokuamsha saa tisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona watu wengi hulikosea, wakiwemo wanaowashauri wenzao kwa nia njema. Wanasema: umechoka, pumzika. Wewe ulipumzika wiki nzima, umerudi, siku ya pili hali ileile. Usidhani umeharibika kiasi kwamba hata mapumziko hayakufai. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Israeli, Mina Westman na Dov Eden, walichapisha utafiti wao kuhusu makarani waliokwenda likizo. Uchovu wao ulishuka kweli wakiwa likizo. Ndani ya wiki tatu tangu warudi kazini ulikuwa umepanda pale ulipokuwa. Likizo ni sawa na kuchota maji ndani ya dau lenye tundu: ni lazima uyachote, vinginevyo utazama, lakini kama tundu halijazibwa maji yatarudi. Kwa hiyo kazi ni mbili, na ya pili ndiyo husahaulika.

Tundu lako liko wapi? Huenda unadhani ni wingi wa kazi. Mimi nikikusoma sioni kwamba wingi wa kazi ndio unaokumaliza zaidi. Mwaka 1979 mtafiti mmoja wa Marekani, Robert Karasek, alionyesha kwamba kazi inayochosha vibaya si ile yenye mambo mengi tu. Ni ile yenye madai makubwa huku anayeifanya hana uamuzi juu ya lolote. Iangalie kazi yako kwa jicho hilo. Bei ya korosho huipangi wewe, inapangwa na mnada. Tarehe ya malipo huipangi wewe: mnunuzi alipe, fedha zipite chama kikuu cha ushirika, zifike benki, ndipo ziingie kwenye akaunti ya mkulima. Kupungua kwa uzito ghalani hukupangi wewe, maana korosho zikikaa hupoteza maji na kilo hushuka hata kama hakuna mkono ulioingia kwenye gunia. Lakini mkulima hamjui mnunuzi, hamjui mhasibu wa chama kikuu, wala hajawahi kumwona meneja wa ghala. Anakujua wewe, na namba yako anayo. Lawama zote za mnyororo huo mrefu zinamiminika kwa mtu mmoja ambaye hana hata ufunguo mmoja wa kuzitatua. Hakuna usingizi wa wiki moja Mtwara unaoweza kuliponya hilo.

Juu yake kuna dhuluma ya jina. Maslach na mwenzake Michael Leiter wametaja mambo kadhaa kazini ambayo yakienda kombo humuunguza mtu, na haki ni mojawapo. Kuitwa mwizi kwa jambo ambalo hukulifanya, tena watoto wakisikia, kunachosha kuliko kupima magunia mia tano. Hesabu zenu mimi sizijui na si kazi yangu kuzikagua. Ninachokuuliza ni hiki: nani alisimama mbele ya wanachama akaeleza unyaufu ni nini na uliingiaje kwenye zile kilo? Kama aliyeeleza ni wewe, mtuhumiwa, basi ulipewa kazi isiyowezekana, kwa sababu hakuna mtuhumiwa anayeaminiwa akijitetea peke yake. Hiyo ilikuwa kazi ya mwenyekiti wa bodi, pamoja na afisa ushirika wa wilaya.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokushauri kuhusu kazi ni kwamba uombe mwenyewe, kwa maandishi, ukaguzi wa zile kilo, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa wanachama na mtu asiyekuwa wewe. Najua linatisha. Lakini mtu anayeomba akaguliwe anasimama tofauti na anayesubiri kukaguliwa, na wewe una haja kubwa ya kusimama tena.

La pili ni simu. Mshauri mwenyekiti chama kiwe na laini yake, ikae ofisini na izimwe jioni ofisi inapofungwa. Namba yako ya nyumbani ibaki ya nyumbani. Wakulima watalalamika wiki mbili za kwanza, halafu watazoea, hasa kama utatundika kwenye ubao wa matangazo habari za kila mnada: kilo ngapi ziliuzwa, bei gani, fedha zimefika hatua gani. Simu nyingi unazopokea usiku ni swali moja linaloulizwa na watu sitini. Kuhusu mizani, siku za kupokea mzigo pasiwe na mtu mmoja anayepima, anayeandika na anayetia sahihi. Wawepo wawili, na mjumbe wa bodi awe shahidi. Hilo linakulinda jina, na pia linakuwezesha kwenda kula chakula cha mchana.

Haya yote yafanye sasa. Kuanzia Mei mambo ya salfa ya kupulizia mikorosho na pembejeo nyingine yatawaleta watu ofisini tena na ugomvi wake, na Oktoba hakuna bodi itakayokaa kubadilisha utaratibu. Una dirisha fupi la utulivu. Mimi ningelitumia nusu kwa mwili na nusu kwa kikao cha bodi.

Turudi kwenye mwili, maana hapa kuna jambo ambalo halijafanyika. Umepima malaria tu. Kwa mwanamke wa umri wako mwenye uchovu, kichwa kuuma na usahaulifu, lazima upimwe wingi wa damu. Upungufu wa damu ni jambo la kawaida sana kwa wanawake wanaopata hedhi, na minyoo ya safura huuongeza kwa watu wanaokanyaga mashamba peku. Na diklofenaki kila siku, mdogo wangu, inaweza kukuchubua tumbo hadi likavuja damu polepole bila wewe kujua, ikakuletea huohuo upungufu, mbali na kuumiza figo na kupandisha presha. Iache kuwa ya kila siku, na kama umewahi kuona choo cheusi kama lami, mwambie daktari mara moja. Waombe pia wapime sukari, presha, tezi la shingo kama kipimo kipo, VVU, na ujauzito. Kama una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku au umepungua uzito, kifua kikuu kitazamwe. Uchovu wa kazi wenyewe hauna kipimo cha damu. Akitokea mtu anayekuuzia kipimo chake, au dawa ya kuzirudishia nguvu tezi zako za juu ya figo, okoa pesa yako. Dripu ilikusaidia siku mbili kwa sababu ulikuwa umelala kitandani saa kadhaa, mtu anakuhudumia, na simu iko mbali.

Piriton ni dawa ya mzio. Inaleta usingizi kama adha yake, usingizi usio mzuri, na asubuhi inakuacha mzito. Ndipo unapokunywa kinywaji cha nguvu kuuondoa uzito huo, na kafeini yake, ambayo baada ya saa kama tano nusu yake bado iko mwilini, inauharibu usingizi wa usiku unaofuata. Umeshaingia kwenye mduara. Kinywaji hicho kipunguze kidogokidogo, usikikate siku moja, kichwa kitakuuma. Anza kwa kutogusa chochote chenye kafeini baada ya saa sita mchana, hata chai ya rangi. Amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala. Jioni, saa moja kabla ya kulala, andika kwenye daftari hesabu zote zinazokusumbua na siku utakayozishughulikia, kisha lifunge. Ukiamka saa tisa usibaki kitandani ukipambana. Kaa kwenye kiti, taa iwe hafifu, simu usiiguse, urudi kitandani usingizi ukija. Tembea jioni, hata kama ni kwenda shambani na kurudi. Na usijaribu kutafuta usingizi kwa uraka wala gongo. Pombe hulaza mapema na kuamsha alfajiri, saa ileile ambayo tayari unaihofia.

Sasa ile sehemu inayonipa hofu. Uchovu wa kazi kwa kawaida huanzia kazini na, angalau mwanzoni, huacha mengine salama. Mtu amekauka ofisini lakini mtoto akicheka naye anacheka, ngoma ikilia mguu unagonga. Wewe ulikaa kwenye shughuli ya kumtoa mwali, binti wa dada yako wa damu, na hukusikia kitu. Ganzi ikitoka ofisini na kuingia hata kwenye furaha za nyumbani, na ikakaa zaidi ya wiki mbili karibu kila siku, pamoja na usingizi kukatika alfajiri, kujiona huna thamani na mawazo ya kutoamka, hapo tunazungumzia sonona. Sonona ni ugonjwa, una tiba, na haisubiri bodi ya chama ibadilishe utaratibu. Inaweza kuhitaji mazungumzo ya tiba, inaweza kuhitaji vidonge vya miezi kadhaa. Vidonge hivyo si vya usingizi na havimfanyi mtu mwendawazimu. Huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kuanza kuonyesha kazi, ndiyo maana wengi huviacha mapema wakidhani havifai. Hali hizi mbili zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na atakayezitenganisha ni mtu atakayekaa nawe ana kwa ana.

Kuhusu mama. Usibishane naye. Yeye amekuwa wa kwanza kuona kwamba binti yake amebadilika, na hajakuita mvivu. Dua, kisomo au maombi, kama ndiyo imani yenu, havigombani na lolote nililokuandikia hapa, na watu wengi huvipata vikiwatuliza. Ninachokiogopa ni viwili: kwamba mtaambiwa jina la mtu, jirani au karani mwenzako, na ugomvi mwingine uanze juu ya huu ulionao, na kwamba miezi itapita mkizunguka kutafuta dawa huku damu yako haijapimwa. Mwombe mama akusindikize hospitali. Akikusindikiza huko, nawe ukamsindikiza kwenye dua, nyote mtakuwa mmetendeana haki.

Mume wako naye huenda anaogopa, na wanaume wengi wakiogopa husema neno gumu. Mweleze kwa mifano, usimwambie "nimechoka" tu, kwani hilo amelisikia sana. Mwambie: naamka saa tisa kila usiku, nimesahau kumlipia mtoto mchango wa shule, nimemfokea mzee fulani. Mwombe kitu kimoja kinachoonekana, mathalani simu yako akae nayo yeye kuanzia magharibi. Kama atakubali kuingia nawe kwa daktari, aingie.

Umeuliza kama uache kazi. Nitakujibu kwa uaminifu: usiamue sasa. Mtu aliyeishiwa huona mlango mmoja tu, na maamuzi makubwa yaliyofanywa katika hali hiyo mara nyingi hujutiwa. Kwanza omba likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na wewe kwa maelezo yako ulichukua wiki moja. Daktari akithibitisha kwamba unaumwa, ipo pia likizo ya ugonjwa: hadi siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kwa upande wa saa za kazi kikomo cha kawaida ni saa 45 kwa wiki, ila kuna vighairi kwa wanaosimamia wenzao, kwa hiyo mpelekee afisa kazi wa mkoa mkataba wako akuambie unaangukia wapi. Siku za mwanzo za likizo unaweza kujisikia vibaya zaidi, umelegea, unalia bila sababu. Usitishike. Kupona huku huhesabiwa kwa miezi, na siku nzuri huanza kuja mojamoja.

Yapo mazingira ambayo sitakwambia usubiri. Kama unatishiwa usalama wako au wa watoto, au kama kuna mtu anakutaka utie sahihi hesabu unazojua si za kweli, ondoka, na umweleze afisa ushirika.

Wiki hii nenda hospitali ya wilaya yako. Usiseme tu "nina uchovu," utapimwa malaria tena. Andika kwenye karatasi: usingizi unakatika saa ngapi na tangu mwezi gani, dawa zote unazomeza na mara ngapi, hedhi yako ikoje, na ile sentensi ya kutamani usiamke. Waombe wakupime damu, kisha wakuunganishe na anayeshughulikia afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Wakikuambia hapo hayupo, omba rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, zote ziko Mtwara. Ukiona aibu kuonekana kijijini, Ndanda nako kuna hospitali kubwa na hakuna anayeuliza umetoka wapi.

Suala la kazi lifungue tena mwezi wa saba. Utakuwa umelala wiki nyingi mfululizo, utakuwa na majibu ya vipimo, na utakuwa umeshaona kama bodi imeitikia barua yako au imeikalia. Ikiwa imeikalia na tumbo bado linakaza, basi kuondoka kutakuwa uamuzi wa mtu mzima aliyepima, nami sitakuzuia. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku zisizopungua 28. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi mbele ya bodi: vitabu vya stakabadhi, mihuri, funguo za ghala, kumbukumbu za mizani, kila kitu kisainiwe na pande zote mbili, na nakala moja ibaki nyumbani kwako.